Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Mafundi

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mweka hazina amesoma hesabu, sina la kuongeza. Ada zimelipwa, si zote, na wanaodaiwa wanajijua. Mimi nina jambo moja tu, nalo ndilo lililonikalisha barazani na wateja wenye hasira mwaka mzima. Kila nilipofukua lalamiko, mara nyingi kazi ilikuwa safi. Fundi alisema hivi, mwenye nyumba akasikia vile, na baina yao hapakuwa na hata kipande cha karatasi.

Nianze na kosa langu. Mteja mmoja anaishi Ujerumani, nyumba yake iko Mji wa Kale, hapa Mombasa. Aliniandikia nimpigie kesho yake "saa 8" tuamue lipu ya ukuta. Nikasoma saa nane, nikapiga baada ya adhuhuri. Kumbe yeye alikusudia saa 8 ya kizungu, tena ya kwao, ambayo majira yao ya joto huwa saa tatu asubuhi kwetu. Alingoja simu, akachoka, akaingia kazini. Siku ile waashi walishinda juu ya jukwaa wakisubiri jawabu, na kibarua hulipwa afanye asifanye. Siku hizi naandika "saa tatu asubuhi ya Mombasa" hata kwa mtu wa Kisauni. Mnicheke tu.

Lipu yenyewe ndiyo inayotugombanisha zaidi. Kuta za nyumba zile za zamani ni za mawe ya matumbawe, hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa simiti, unyevu hukwama, chumvi husukuma kutoka ndani, lipu ikabambuka. Sisi twajua hayo. Mteja ajua simiti ni imara. Mwenzetu mmoja aliambiwa atie simiti, akajibu "haifai", basi. Mwenye nyumba akaona huyu anatafuta kurefusha kazi, maana chokaa, tunayoitia sisi badala ya simiti, yataka muda, akaleta fundi mwingine. Mwenzetu wa pili, mtaa huo huo, alimshika mteja wake mkono wakatoka nje hadi kwenye ukuta wa simiti. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Chini palikuwa na kipande kilichokwisha kuanguka; akakigeuza, mgongoni kina unga mweupe wa chumvi. Mteja akakionja kwa ncha ya ulimi, akasema, "Tia chokaa."

Baina yetu wenyewe pia hatujambo kwa kupotezana. Ujumbe wa sauti wa dakika nne, foremani yuko kwenye feri ya Likoni, kelele pande zote, na ndani yake mna vipimo! Mwaka huu boriti za chumba kizima zimekatwa mita 3 badala ya futi 10. Pungufu yake ni karibu sentimita 5, na kwa boriti hizo ni kutokaa ukutani. Vipimo na bei viandikwe. Salamu na mizaha semeni mtakavyo.

Kamati imekubaliana kila saiti iwe na mtu mmoja wa kuzungumza na mteja. Jioni ampelekee picha na mistari mitatu: kilichofanyika, kilichokwama, kinachongoja jawabu lake. Bei ikibadilika, kazi hiyo isianze kabla hajajibu kwa maandishi. Mvua za masika zikichelewesha chokaa, ajue siku ile ile, asije akajionea mwenyewe na lori la vyombo mlangoni. Mmenieleza kwamba wazee wengine hawasomi simu. Wafuateni nyumbani, mkae, mwandike kwenye daftari, msome kwa sauti, watie sahihi.

Madaftari yako mezani kwa katibu, moja kwa kila saiti. Wenye kudaiwa ada nao watapewa, ila wapange foleni upande wa mweka hazina.