Tangi Linang'aa, Mbona Samaki Wanakufa?

Simu tunazopokea kwenye duka letu la samaki wa kufuga nyumbani zinafanana sana. "Samaki wanaumwa, mna dawa gani?" Dawa zipo, rafu imejaa, na kumuuzia mtu chupa ni kazi ya dakika moja. Ila sisi huuliza kwanza: maji umebadilisha lini, na umebadilisha kiasi gani? Jibu huja kwa fahari. "Jana tu! Nimemwaga yote, nikasugua mawe, kioo, filta, kila kitu. Linang'aa." Hapo tunajua chupa ya dawa haitasaidia kitu.

Wiki chache zilizopita tuliitwa nyumba moja Tudor, hapa Mombasa. Tangi la lita mia hivi, safi kuliko sahani za wageni. Samaki wote walikuwa juu, midomo nje, matamvua mekundu kama yamechubuliwa. Sifongo ya filta ilikuwa nyeupe pe, na ukiinusa ilitoa harufu ya sabuni ya unga. Mama mwenye nyumba alitwambia msichana wa kazi ameambiwa kila Jumapili aoshe tangi kama anavyoosha jiko. Amri ilitolewa kwa nia njema kabisa, na ndiyo iliyokuwa ikiwaua samaki.

Samaki anakula, anapumua na kujisaidia ndani ya maji yale yale. Taka yake kubwa ni amonia, ambayo nyingi hutokea kwenye matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu inayounguza. Wanaomwokoa samaki ni bakteria wanaoota kwenye sifongo, kwenye changarawe na kwenye mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huweza kuivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Ule utelezi wa kahawia unaokukera kwenye sifongo ndimo wanamoishi. Ukiuosha kwa sabuni, au hata kwa maji ya mfereji yenye klorini, umewafagia, na kuwarudisha huchukua wiki nne mpaka sita. Muda wote huo samaki anaogelea ndani ya taka yake.

Hapa kwetu Mombasa mambo ni mazito zaidi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na maji ya visima vyetu huwa magumu, yaani yenye madini mengi ya chokaa, mara nyingi na chumvi, na pH yake, kipimo cha asidi na alkali majini, iko juu. Amonia hubadilika tabia kulingana na pH na joto: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu yake yenye sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Joto nalo huizidisha. Kwa hiyo kiasi cha amonia ambacho samaki wa mtu aliye kwenye baridi na maji laini angekivumilia, chaweza kumlaza wako Februari, wakati wa Kaskazi, kabla ya adhuhuri.

Basi usafi ufanyike vipi? Toa robo ya maji kila wiki, si zaidi, kwa mpira wa kunyonya, ukipitisha mdomo wake kwenye changarawe ili uvute uchafu wa chini. Maji hayo machafu usiyamwage mara moja. Yaweke kwenye ndoo, tumbukiza sifongo humo humo, iminye mara mbili tatu, irudishe. Itabaki na rangi ya kahawia, na ndivyo inavyotakiwa. Kioo kifute kwa ndani na kitambaa ambacho hakijawahi kukutana na sabuni. Tangi likiwa na miche, mwani kidogo nyuma ya kioo si aibu, wacha uwepo.

Sasa hayo maji mapya yametoka wapi? Swali hili tunaliuliza sana kwa sababu hapa nyumba moja yaweza kutumia maji ya mfereji leo, ya boza kesho, na ya mkokoteni keshokutwa, na mitungi yote inafanana. Maji ya mfereji yaache ndoo wazi usiku kucha klorini ipungue, au tumia dawa ya kuiondoa. Na ulizia nyumbani kama kuna mtu ametia dawa ya kutakasa maji ya kunywa kwenye pipa. Dawa ile ni klorini, na pipa la watu si lazima liwe pipa la samaki. Maji ya kisima yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi ya kuhisika ulimini, usiyatumie kwa samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kuongezea. Joto la hapa na feni inayozunguka sebuleni hukausha maji ya tangi haraka, mtu anajaza juu na kuhesabu kuwa amebadilisha. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi na madini hubaki, na kila mtungi wa kisima unaoongeza unaleta mengine. Miezi ikipita, tangi lako limekuwa la chumvi bila wewe kujua, na samaki mgeni ukimtia humo anakufa siku ya pili huku wenyeji wamezoea. Watu hutulaumu sisi tuliomuuza. Mara nyingine tunastahili lawama, hapa hatustahili.

Halafu kuna dawa ya mbu. Jioni inaingia, madirisha yanafungwa, chumba kinapulizwa. Dawa nyingi za aina hiyo ni kali mno kwa samaki hata kama kwa binadamu hazina neno, na pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba hicho hicho na kuisukuma majini. Ukipuliza, zima pampu, funika tangi kwa plastiki au taulo zito, kisha chumba kipate hewa vizuri kabla ya kuwasha tena. Kama ni kupuliza dawa ya kunguni au mende nyumba nzima, tupigie kabla, si baada. Tutakuja kuwahamisha samaki, tutawarudisha mambo yakitulia.

Stima zikipotea, tatizo la kwanza ni hewa, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Usiwalishe. Chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu, rudia kila baada ya muda. Pampu ndogo ya betri ni kinga nzuri, tunazo. Stima zikirudi baada ya saa nyingi, filta ya kopo, ile iliyofungwa inayokaa nje ya tangi, usiiwashe hivi hivi: maji yaliyolala ndani yake yameoza, yamwage kwanza.

Kuhusu samaki gani wa kufuga, ushauri wetu haupendezi kila mtu. Goldfish, yule mwekundu wa mkia wa shela anayewekwa kwenye bakuli la kioo juu ya meza hapendi joto letu. Yeye hustawi kwenye maji ya digrii 20 na kitu hivi, anakua mkubwa, na anachafua kuliko wenzake wote. Bakuli hatuuzi. Diskasi na neoni tetra asili yao ni mito ya Amazoni yenye maji laini, huku watakusumbua. Lakini gapi, moli, plati, na siklidi wa Ziwa Malawi wanayataka maji magumu kama haya yetu, na hita huhitaji. Maji unayo tayari, chagua samaki anayeyapenda. Na usipambe tangi la maji baridi kwa kombe na matumbawe ya ufuoni: yanayeyuka polepole na kupandisha pH zaidi, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa kuokota ni marufuku hata hivyo.

Chakula ni kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Nyumba yenye watoto, shemeji na wageni, teua mlishaji mmoja, maana kila apitaye anaona samaki "wanaomba". Chapati hapana.

Huduma yetu ya nyumbani ni hii: tunapima amonia, naitraiti, naitreti na pH kwa kipimo cha matone, tunabadilisha robo ya maji, tunasafisha filta kwa njia tuliyoeleza, na tunamwonyesha anayeshughulika na tangi kila siku, awe mama, kijana au msichana wa kazi, maana sisi tukiondoka yeye ndiye anayebaki nalo. Tangi jipya tunalifunga bila samaki. Tunalianzisha kwa sifongo iliyokomaa kutoka matangi yetu, na samaki wa kwanza hawaingii mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri. Ukitaka tangi na samaki siku moja kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi, tutakukatalia kwa heshima.

Kama huna haja ya kuita fundi nyumbani, tuletee maji tu. Tumia chupa ya maji ya kunywa, isiwe ya soda wala ya mafuta, isuuze kwa maji ya tangi lenyewe, ijaze mpaka juu, funga, uje nayo siku hiyo hiyo kabla haijapigwa na jua. Andika juu yake maji yalitoka wapi na yalibadilishwa lini. Kupima ni bure, na ukingoja dakika kumi utaondoka na majibu.