Jua linawaka, betri ya lithiamu haipokei chaji

Wateja wetu wa maeneo ya baridi kali hutupigia simu zaidi asubuhi, tena asubuhi yenye jua safi. Theluji imeshafagiliwa juu ya paneli za sola, lakini betri ya lithiamu imegoma kuchaji. Mteja anaamini ameuziwa betri mbovu, kumbe mara nyingi betri ni nzima na inajilinda.

Wakati wa kuchaji, chembe za lithiamu hupenya ndani ya grafaiti, yaani kaboni iliyo ndani ya kila seli ya betri. Seli ikipoa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, chembe hizo hupenya polepole mno, na zinazokosa nafasi hujikusanya juu ya grafaiti kama utando wa metali ya lithiamu. Sehemu ya utando huo haiondoki hata joto likirudi. Uwezo wa betri umepotea, na utando ukiota miiba unaweza kuleta shoti ndani ya seli. Ndiyo sababu sakiti ya ulinzi hukata chaji. Tunakusihi, usiikwepe sakiti hiyo kwa waya wa pembeni, hata kama nyumba iko gizani.

Kinachowachanganya watu ni kwamba betri hiyohiyo usiku kucha iliwasha taa. Betri nyingi za aina hii huruhusiwa kutoa umeme hadi nyuzi 20 chini ya sifuri; kupokea ndiko kunakozuiwa mapema.

Betri za asidi hazina kizuizi hicho, ila zisiachwe zikaisha chaji. Betri ya asidi ikiwa imejaa, asidi yake huvumilia baridi kali sana. Ikiisha, asidi imekuwa karibu na maji, na nyuzi 10 tu chini ya sifuri zinaweza kuigandisha na kupasua kasha.

Kama nafasi ipo, weka betri ndani ya nyumba. Isipowezekana, tunaifungia sanduku lenye sponji nene pamoja na mkeka wa joto, unaotumia umeme wa paneli kwanza kabla chaji haijaanza. Sanduku peke yake halitoshi, kwa kuwa linachelewesha baridi tu. Na kipimajoto kigusane na betri yenyewe: hewa ya mchana inaweza kuwa imepata joto huku seli bado ziko chini ya sifuri.

Ukituomba ushauri, tutumie picha ya lebo ya betri na nyuzi joto za usiku wenye baridi kuliko yote unaoukumbuka.