Patografu za wino mmoja

Mikindani, Jumapili jioni

Somo yangu,

Salaam nyingi. Mama anakusalimu, anauliza lini utakuja kuchukua korosho zako. Zimeshabanguliwa, na wajukuu wamezianza.

Uliniuliza kwa nini nimeacha ukatibu wa afya, kazi yenye mshahara wa uhakika, nikarudi chuoni kutafuta "udaktari wa karatasi". Nilicheka, halafu nikanuna kidogo, halafu nikaona umenena. Karatasi ndizo hasa ninazozisomea.

Wiki iliyopita nilikuwa kituo kimoja cha afya, jina niachie, napitia patografu za miezi mitatu, zile chati za kufuatilia uchungu wa mama saa hadi saa mpaka ajifungue. Wewe mkunga unazijua: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, njia imefunguka kiasi gani kila baada ya saa nne, mstari wa tahadhari, na saa nne mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Zote zimejaa. Mkaguzi angezipa alama zote. Nikazipeleka dirishani, moja moja. Nukta za usiku kucha ni za wino mmoja, mkono mmoja, hazikuyumba hata saa tisa za usiku. Kila mtoto mapigo 140, 138, 140. Nikafungua kitabu cha MTUHA namba 12, rejesta ya wanaojifungua: usiku huo walijifungua wanne, na zamuni alikuwepo muuguzi mmoja tu.

Nilimkuta nje anakula muhogo wa kuchemsha, nikakaa naye. Sikumuuliza kitu. Alianza mwenyewe: "Dada, nisipojaza nitaulizwa. Nisipokaa na mama, nani ataniuliza?"

Sikuwa na jibu, Somo, kwa sababu miaka ile yote muulizaji nilikuwa mimi. Vituo vilipoanza kupewa nyota za ubora mwaka 2015, unakumbuka nilivyohangaika? Mafaili yapangwe, fomu zijazwe, kuta zipakwe rangi. Sijawahi kuuliza zamu ya usiku ina watu wangapi.

Chuoni wanatuanzishia na Avedis Donabedian, daktari mzaliwa wa Beirut aliyehamia Marekani. Mwaka 1966 aliandika kwamba ubora wa huduma utazamwe pande tatu: kilichopo, kinachofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. Mpango mzuri, nami naufundisha. Tatizo, hicho kinachofanyika sisi tunakisoma kwenye fomu, na fomu hujazwa na mtu anayejua tunataka kuona nini. Ndiyo maana naupenda mradi wa EQUIP, wa kuboresha huduma za wazazi na watoto wachanga, uliofanyika Tandahimba na kule Mayuge, Uganda, miaka ya 2011 hadi 2014. Wahudumu waliwekewa takwimu za wilaya yao mezani, wakaamua wenyewe waanze kurekebisha wapi.

Msimamizi wangu anataka vituo vingi zaidi, eti sampuli ni ndogo. Mimi nataka kukesha wodini. Tunavutana. (Posho nayo imechelewa tena, ila hilo tuliache, nisije nikakupa ushindi.)

Kibali cha maadili ninacho, na kituo chako hakimo, kwa hiyo usinikimbie. Jumamosi panda gari la asubuhi kutoka Masasi, mama atapika samaki wa nazi. Tukishakula nitakuuliza jambo moja, na usinijibu kama unavyowajibu wakaguzi: patografu zako wewe, huwa unazijaza saa ngapi?

Ni mimi,
Somo yako