Wito wa harambee: vigari vya tanga vya vijana wa Mambrui

Assalaam aleikum warahmatullah. Kwa wazee wetu, kina mama, ndugu na jamaa wa Mambrui, Malindi na vijiji vya jirani, na kwa wana wetu walio Mombasa, Nairobi na ng'ambo: kamati ya klabu ya vijana ya mchezo wa vigari vya tanga inawaalika kwenye harambee itakayofanyika ufuoni Mambrui Jumamosi ya bamvua ijayo, yaani majira ambapo maji hujaa na kupwa sana, kuanzia saa tatu asubuhi. Tunaomba shilingi 406,500, ambazo zikijumlishwa na shilingi 137,500 tulizokwisha kukusanya zitatimiza shilingi 544,000 za kuunda vigari sita, kununua kofia ngumu, kushona matanga ya akiba, kujenga banda la kuhifadhia vyombo, na kuwafunza vijana wanane huduma ya kwanza. Hesabu kamili tumeiweka hapa chini, kwa kuwa tunajua mtu mwenye akili hatoi fedha yake kwa maneno matamu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, kigari cha tanga ni chombo cha magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, chenye kiti kilicho chini kiasi kwamba aliyekaa huweza kuugusa mchanga kwa vidole. Mlingoti husimama mbele yake, kati ya miguu. Mkono mmoja hushika usukani, mwingine hushika demani, ile kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga. Hakuna injini, hakuna pedeli, wala hakuna breki: anayetaka kusimama hukielekeza chombo kwenye upepo, au huiachia demani tanga likapepea bure. Hakiwezi kwenda moja kwa moja kuukabili upepo, kama vile mashua isivyoweza, na anayetaka kufika upande unakotoka upepo hana budi kubisha, akienda mshazari huku na huku. Mzee yeyote aliyewahi kubisha na mashua kurudi Ngomeni, kaskazini mwetu, atakielewa kigari kabla hajamaliza kukizunguka. Jambo moja tu litamshangaza, nalo ni mwendo. Mashua hulima maji, na maji huivuta nyuma. Magurudumu juu ya mchanga mgumu hayana mzigo huo, kwa hiyo chombo kikishashika kasi hujiongezea upepo wa mwendo wake chenyewe, na kigari chepesi kinachoendeshwa na mjuzi, upepo ukimjia ubavuni, huweza kuupita upepo wenyewe kwa kasi mara mbili na zaidi. Vyetu havijafikia hapo. Ni vizito, na tutaeleza kwa nini.

Tumeulizwa, hata baada ya sala, kama huu si mchezo wa watalii tu. Mchezo haukuanzia kwetu, na hatudai hivyo. Karibu na mwaka 1600 mwanahisabati Simon Stevin alimuundia Maurits, mtawala wa Uholanzi, gari kubwa la matanga lililokimbia katika ufuo wa Scheveningen likiwa limebeba wageni wake. Mwaka 1898 ndugu wa ukoo wa Dumont waliendesha gari la tanga huko De Panne, Ubelgiji. Mwaka 1999 Paul Beckett wa New Zealand alibuni kigari kidogo kiitwacho Blokart, chenye uzito wa kilo zipatazo 29, ambacho hukunjwa kikaingia kwenye mkoba mmoja na kutumia tanga la mita za mraba 2 hadi 8 kulingana na nguvu ya upepo. Na Desemba 2022, katika ziwa kavu la Gairdner nchini Australia, Glenn Ashby alikimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa kwa upepo mtupu. Lakini tanga, mlingoti, demani, kubisha na kusoma upepo kwa shavu ni mambo ambayo babu zetu hawakufundishwa na mgeni, na kwa mtu wa Mambrui kigeni kilichomo ndani ya mchezo huu ni yale magurudumu tu. Kinachotusikitisha ni kwamba leo boti nyingi zinakwenda kwa mashine, na kijana wa miaka kumi na mitano anaweza kukua mita mia mbili kutoka baharini bila kujua demani ni kitu gani. Mimi ninayeandika kwa niaba ya kamati nilijifunza neno hilo nikiwa na miaka saba, kwa sababu marehemu baba aliniweka nyuma ya mashua akaniambia nisiiachie. Wanangu wamelijifunza juu ya mchanga.

Ufuo wetu unaufaa mchezo huu kuliko nyingi tunazozijua katika mwambao. Mto Sabaki, unaomwaga maji yake kati yetu na mji wa Malindi, huteremsha tope na mchanga kutoka bara kila msimu wa mvua, na bahari huusambaza mchanga huo ufuoni. Ndiyo sababu maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai mto ukifurika, na ndiyo sababu maji yakipwa kwetu hubaki uwanja mpana, tambarare, wa mchanga ulioshikana ambao gurudumu halizami. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hapo tunapata saa tatu hivi za kucheza kabla bahari haijarudi kudai mahali pake. Kusi hutujia kutoka baharini na kutupiga ubavuni, ambao ndio upepo mtamu kwa kwenda na kurudi bila kubisha; kaskazi hufuata zaidi mstari wa ufuo, kwa hiyo kwenda upande wa Ngomeni ni kazi na kurudi ni raha. Upepo wa matlai hatuutegemei. Ikumbukwe pia kwamba bamvua huja mara mbili kwa mwezi, nayo haingojei Jumamosi, na siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ukanda wa mchanga mgumu huwa mwembamba mno. Kwa vigari viwili tulivyo navyo na wanachama 34, kila mmoja hupata kama dakika kumi, kisha hukaa chini ya mvinje kuwatazama wenzake. Vikiwa vinane, kila mmoja atapata zaidi ya nusu saa, na huo ndio muda ambao mtu huanza kujifunza kweli badala ya kuonja.

Kuhusu uundaji, tuseme ukweli wote. Kigari cha kwanza kilikuwa na magurudumu ya wilbaro, fremu ya paipu za maji, mlingoti wa mwanzi na tanga la turubai. Mwanzi ulivunjika siku ya pili, kwenye fundo, kwa kishindo kilichowakimbiza kuku wa majirani. Tukaweka nguzo ya mvinje, ambayo haikuvunjika lakini ilikuwa nzito hata chombo kikawa kinainama kama mlevi hata upepo ukiwa mdogo. Beringi tulizinunua dukani tukiwa tumehakikishiwa kwamba zinastahimili chumvi. Baada ya majuma matatu gurudumu la kushoto lilikuwa likilia, na fundi alipolifungua alikuta kutu nyekundu iliyosagika mithili ya pilipili ya unga. Tangu siku hiyo vyombo vyote huoshwa kwa maji ya kisima vikitoka ufuoni, beringi hupakwa grisi kila baada ya siku mbili za kucheza, na hakuna anayeruhusiwa kuondoka kabla ya kazi hiyo kwisha. Kigari cha pili kina mlingoti wa paipu ya alumini na tanga lililokatwa na kushonwa na mzee mmoja ambaye alishona matanga ya majahazi katika ujana wake. Alipoletewa kipimo cha mita nne za mraba alicheka, akauliza kama tunataka tanga au leso. Kisha alikaa siku tatu akishona, na tumbo alilolitia kwenye tanga lile, yaani ule mviringo unaoshika upepo, hatujaona linalolishinda. Sasa ana wanafunzi wanne, wawili kati yao wasichana.

Haingekuwa uungwana kuomba fedha na kuficha ajali. Msimu wa kusi uliopita kijana wetu mmoja alikwenda na tanga kubwa siku ambayo lilifaa dogo, akaizungushia demani mkononi badala ya kuishika tu, na upepo ulipopiga ghafla hakuweza kuiachia. Gurudumu la upande wa upepo lilinyanyuka, chombo kikapinduka, naye akavunjika mtulinga. Alhamdulillahi amepona, na ndiye wa kwanza kurudi. Lakini kosa lilikuwa letu watu wazima, kwa kuwa kofia ngumu zilikuwa mbili tu, mkanda wa kiti haukuwapo, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia kijana kwamba leo tanga hilo halitoki. Mamlaka hayo sasa anayo msimamizi wa ufuo, na neno lake halikatiwi rufaa. Demani haizungushwi mkononi. Nguo inayoning'inia, iwe kikoi au buibui, hairuhusiwi karibu na ekseli. Wasichana wetu 11 huvaa suruali pana na mtandio uliofungwa nyuma, utaratibu walioupanga wenyewe pamoja na mama zao. Kofia ngumu, hata hivyo, haziwezi kupatikana kwa kanuni.

Ufuo si wetu peke yetu. Tumekubaliana na kamati ya wavuvi kwamba vigari havipiti mahali zinapopakuliwa samaki wala panapoanikwa nyavu, na kwamba mvuvi anayevuka na mzigo hupishwa daima. Hatupandi juu ya alama ya maji makuu, ambako kasa hutaga mayai, wala hatuelekei kusini hadi mlangoni mwa Sabaki, kwa sababu heroe na ndege wengine hula hapo na hawana pengine pa kwenda kirahisi.

Kuna mwanachama mmoja ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Michezo yote ya mtaani ameitazama akiwa barazani. Kigari hakihitaji miguu. Kinahitaji mikono miwili na akili ya upepo, na mikono yake, kwa miaka mingi ya kusukuma baiskeli ya magurudumu matatu, ina nguvu kuliko ya wenzake wote. Humbeba wenziwe hadi kitini, wakamfunga, wakampa demani. Hatutii chumvi tukisema kwamba hadi leo hakuna aliyemshinda katika kubisha. Katika vigari sita tunavyoomba, viwili vitakuwa na kiti kipana chenye mgongo mrefu kwa ajili yake na wengine wenye hali kama yake, ambao tunajua wapo majumbani na hawajaletwa.

Sasa hesabu. Kigari kimoja kinagharimu shilingi 48,500: chuma cha fremu 14,000, magurudumu matatu na beringi zilizozibwa 13,500, tanga 9,000, mlingoti wa alumini 7,000, na kamba, kapi na mkanda 5,000. Sita ni shilingi 291,000. Kofia ngumu 20 kwa shilingi 3,200 kila moja ni 64,000. Matanga manne madogo ya akiba, kwa siku za upepo mkali, ni 36,000. Banda la mabati lenye mlango wa kufuli ni 118,000, na mafunzo ya huduma ya kwanza ni 35,000. Fundi wa kuchomelea amekataa malipo ya kazi yake, jambo tunalomshukuru ingawa tumemwambia kwamba halitadumu. Mtu ana watoto. Wapo waliotushauri tuagize vigari kutoka nje vikiwa tayari. Tulilifikiria shauri hilo tukaliacha, kwa kuwa kitu kilichoundwa hapa kikivunjika hapa kitatengenezwa hapa, na kwa kuwa nusu ya faida ya klabu hii iko karakana, si ufuoni.

Anayetaka kuchangia kwa mkono atamkuta mweka hazina mezani siku ya harambee, na atapewa risiti yenye muhuri. Aliye mbali aulize kwa jamaa yake yeyote mwenye mtoto katika klabu, naye atapewa namba ya akaunti ya kikundi, ambayo fedha zake hutolewa kwa saini tatu. Mchango wa vitu unapokelewa pia: paipu, kamba nzima, mabati yaliyotumika, hata kitambaa. Majina ya waliochangia na matumizi ya kila shilingi yatabandikwa kwenye ubao wa klabu kila mwisho wa mwezi hadi kazi iishe, na fedha zikipungua tutaanza na kofia ngumu, kisha banda, kisha vigari kadiri vitakavyowezekana. Hatutaanza na vigari.

Siku yenyewe itafunguliwa kwa dua saa tatu asubuhi, kisha vijana wataonyesha kuunganisha kigari na kupandisha tanga, na baada ya mbio fupi kila mgeni atakayependa ataruhusiwa kupanda akiwa na kofia na msimamizi pembeni. Kina mama wa klabu watauza mahamri, mbaazi na viazi karai, na mapato yote yataingia kwenye mfuko huo huo. Wazee watawekewa viti chini ya mvinje. Tafadhali mje na viatu, kwa kuwa mchanga utakuwa umepata jua, na msichelewe: tumechomeka nguzo kwenye mstari wa mchanga mgumu, na maji yakiigusa vigari vyote vinarudi, hata kama foleni haijaisha.