Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa Utamaduni: orkestra uliyoiulizia hii hapa

Lubumbashi

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazokupasa, wewe na jamaa yako, na naomba radhi kukuandikia mbele ya watu wote. Barua nilizoleta ofisini kwako zote zilipigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri wenyewe ni mzuri, wa zambarau, unasomeka hata bila miwani. Jibu ndilo sijaliona.

Jumamosi iliyopita kwenye sherehe, muziki wote ulitoka kwenye kompyuta ya kijana mmoja. Mama mmoja akapaza sauti kuuliza orkestra ya mji iko wapi. Wewe ukashika maikro, ukacheka, ukasema: "Nitajieni basi hao wanamuziki. Hapa yuko nani?" Waliokaa kwenye viti vya mbele wakapiga makofi. Sisi tuliosimama nyuma, karibu na jenereta, tulisikia pia.

Umeuliza, nami nimekaa mezani nikaunda orkestra. Na kwa sababu kwenye mambo ya utamaduni tumezoea kuishi kwa ndoto, nimejiruhusu kuchanganya wazima na marehemu.

Gitaa la kavu: Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, 1930. Nadhani njia ya Bunkeya unaijua, uliipita wakati wa kampeni. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka akirekodi muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi yetu ya leo, akamrekodi akipiga "Masanga". Gitaa moja, vidole viwili, gumba na cha shahada, lakini ukifumba macho utaapa wamekaa watu wawili. Mwaka 1969 mtu huyo alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Kando yake namweka Édouard Masengo, ashike gitaa la pili na sauti ya Kiswahili. Wote wawili Nairobi iliwapokea, na wapiga gitaa wa Kenya walikaa chini wakajifunza kwao. Bosco alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1990. Waulize watoto wa shule wa hapa kama wanalijua jina lake. Usiwaulize mbele ya wageni, tafadhali.

Mwimbaji wa kike: Tshala Muana. Amezaliwa mji huu huu, 1958, Mheshimiwa, huu uliosema hauna mtu. Mutuashi, mchezo uliompa jina, ni wa Kasai, sikatai, na Kinshasa ndiko alikozimikia Desemba 2022, lakini alizaliwa hapa. Wa pili awe Mbilia Bel, na yeye yuko hai, ukimwalika atakuja. Kwa sauti ya kulalamika kwa wakubwa nimemchukua Remmy Ongala wa Kindu, ambaye ilibidi aende Dar es Salaam mwaka 1978 ndipo jina lake likakua. Hilo la watu wetu kukua wakishavuka mpaka sitalieleza, unalijua.

Gitaa la solo ndilo limeninyima usingizi. Docteur Nico au Franco? Mimi ni mtu wa Nico, nasema wazi. Gitaa la Nico linaimba maneno. Lakini ukimwacha Franco nje, nusu ya mtaa wa Kamalondo itakuja kunivunjia mlango, na watakuwa na haki yao. Nikaamua wote wawili waingie, Nico kushoto, Franco kulia, na katikati yao akae Grand Kallé, yaani Joseph Kabasele, kama chifu, maana ni yeye peke yake angeweza kuwatuliza. Saksofoni nimempa Verckys. Tabu Ley anaongoza sauti.

Najua utasema huyu mzee anaota, wakubwa kama hao hawakai chumba kimoja. Walikaa, Mheshimiwa! Mwaka 1960, wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo, Kabasele alipokwenda Brussels alichukua watu wa bendi yake, African Jazz, Nico na Dechaud, Roger Izeidi na Petit Pierre, akaongeza Vicky Longomba na Brazos wa OK Jazz, bendi ya Franco, wapinzani wake kabisa. Wakatoka na "Indépendance Cha Cha", wimbo unaopigwa kwenye kila sherehe unayohutubia. Mwaka 1983 Franco na Tabu Ley, waliogawa nchi nzima vipande viwili, waliimba pamoja kwenye sahani moja ya santuri. Paris nako, Nyboma, Wuta Mayi, Syran Mbenza na Bopol walijiunga wakajiita Quatre Étoiles, kila mmoja akiwa ameshakuwa nyota kwake. Hao wote walikuwa na kipaji, ndiyo, lakini walikuwa pia na chumba, na umeme, na vyombo.

Sasa utaona kwenye orkestra yangu hakuna mtu wa besi. Nafasi hiyo nimemwekea kijana wa Katuba anayefanyia mazoezi uani kwangu. Kamba mbili za besi yake ni waya wa breki ya baiskeli. Kamba ya kweli inapokatika, anaunyoosha waya ule kwa koleo, anausugua kwa msasa mpaka ulainike, anafunga fundo kwenye kipande cha shaba, anakaza polepole huku amegeuza uso pembeni usije ukamchapa jichoni. Halafu anapiga, na anapiga vizuri kuliko ile kompyuta yako. Vidole vyake sitavieleza hapa, mama yake anasoma barua hii.

Wanafanyia kwangu kwa sababu hawana pengine. Jirani wa kushoto amenishitaki kwa chifu wa avenyu. Wa kulia hasemi kitu, anatupa maji ya vyombo ukutani. Mke wangu anapika bukari, ugali wetu, kwenye korido kwa sababu uani kuna ngoma. Mvua ya mwisho ilinyeshea ampli yangu, ile niliyoinunua nikiwa bado na kazi, na fundi amesema transfoma imekufa. Umeme nao unakuja usiku wa manane, saa ambayo hata Bosco mwenyewe angefukuzwa na majirani.

Na chumba kipo! Ulikifungua mwenyewe. Rumba ilipoingia kwenye orodha ya UNESCO Desemba 2021 wakubwa wote walicheza mbele ya kamera, na baadaye ukaja kwenye komini yetu ukakata utepe, ukatuonyesha ngoma, magitaa na spika, ukasema: "Hivi ni vya vijana." Picha zipo. Jioni ile mlango ukafungwa, mpaka leo. Tukichungulia dirishani tunaona spika bado zina plastiki yake.

Kwa nini umefungwa? Wengine wanasema ufunguo anao mlinzi ambaye hajalipwa na amekataa kuutoa. Wengine wanasema vyombo viliazimwa kwa ajili ya picha tu na mwenyewe anavidai. Mimi nafikiri ufunguo uko kwenye droo ofisini kwako, chini ya barua zangu. Kama nakosea, niambie uko wapi, nitaufuata kwa miguu. Kila mara kijana wa besi akirudi kutoka kuulizia ananiambia yale yale: "Papa, beko banasema kesho tena."

Nilikuwa nimeandika maombi mengi: mishahara ya wanamuziki, tamasha la jina la Bosco, gitaa shuleni. Nimeyafuta yote. Tamasha fanya ukipenda, usipopenda acha. Hata spika zile kama si zetu zichukueni. Naomba ufunguo. Mpe katibu wako, au yule kijana wa muhuri, mlinzi, dereva, mtu yeyote utakayemwamini. Sisi tuko mlangoni kila siku baada ya saa kumi. Kijana besi yake anayo mkononi.

Ufunguo tu, Mheshimiwa.

Wako kwa heshima,

Mpiga gitaa mzee wa Katuba