Salamu za shukrani kutoka kwa familia ya marehemu Baba yetu

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa marehemu tunatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, marafiki, majirani na wafanyakazi wenzetu mliosimama nasi kwa hali na mali tangu Baba alipozidiwa hadi tulipompumzisha. Mlikesha nasi, mlipika, mliwapa wageni wetu malazi, mliwalea watoto wetu siku ambazo sisi wenyewe tulikuwa hatujiwezi. Si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina, na tukijaribu tutawasahau wale wale waliofanya makubwa kimyakimya.

Shukrani za pekee ziwaendee wazee wa ukoo kule nyumbani. Tunajua haikuwa rahisi kwenu kukubali Baba azikwe huku ugenini. Wengi mlikuwa mmeshaanza kuchanga ili mwili usafirishwe, kama tunavyofanyiana siku zote tulio mbali. Lakini wosia wake haukuwa na utata: azikwe karibu na wajukuu, na kila kitakachochangwa kwa ajili ya safari kiende kitengo cha figo cha hospitali ya hapa tunapoishi. Mlinuna kidogo, na ni haki yenu. Mkauliza maswali, kisha mkaridhia michango yenu ibadilishe njia. Kwa hilo hatuna cha kuwalipa.

Wapo waliouliza kwa nini pesa za wahamiaji zisiende hospitali za kwetu, ambako uhitaji ni mkubwa zaidi. Baba aliulizwa hivyo hivyo akiwa hai. Alijibu kuwa nyumbani ametuma maisha yake yote, na sisi tuendelee kutuma. Ila hospitali hii ndiyo iliyomwezesha kuwaona wajukuu wakianza shule, naye hakutaka kuhama dunia kama mpangaji anayedaiwa kodi. Sisi wanawe hata hatuoni kama ni deni. Watoto wetu wamezaliwa humo, na sisi tukiugua tutalazwa humo. Ni hospitali yetu.

Mchango wenu umefanya nini? Figo zikishindwa kazi, kwa kawaida mgonjwa hukaa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Kwa muda huo hutumika lita 120 au zaidi za maji kwa mgonjwa mmoja, na hayawezi kuwa maji ya bomba hivi hivi: yanayofaa kunywa yanaweza kumdhuru mtu wa dialisisi, yaani anayesafishwa damu kwa mashine, kwa hiyo lazima yachujwe upya. Ndiyo maana tulipouliza kitengo kina shida gani, hatukuombwa mashine, tuliombwa tusaidie mtambo wa kusafisha maji. Kilichobaki kimenunua mablanketi. Damu ikizunguka nje ya mwili mtu hutetemeka kwa baridi. Baba alikuwa akiingia na koti katikati ya kiangazi, wauguzi wakamzoea.

Aliyewahi kukaa kiti cha jirani yake humo anaijua hadithi ya daktari Willem Kolff, maana hakuna aliyeikwepa. Kolff aliunda figo bandia, yaani mashine ya kusafisha damu, mwaka 1943 katika hospitali ya mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, akitumia mirija ya selofani ya kutengenezea soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Hakukata tamaa, na mwaka 1945 mama wa miaka 67 aliyekuwa amezimia akazinduka. Mwaka 1950 Kolff akahamia Marekani. "Hata yeye mhamiaji," Baba alimalizia hivyo kila mara, kwa fahari kana kwamba walisafiri pamoja.

Kwa madaktari, wauguzi, madereva na wahudumu wa usafi wa kitengo hicho: asanteni sana. Asante ya peke yake kwa muuguzi aliyemwita mjukuu wetu mdogo, akamwambia aweke sikio kwenye mkono wa babu yake, pale mshipa ulipounganishwa na ateri kwa ajili ya mashine, asikie damu ikivuma. Tangu siku hiyo mtoto aliacha kulia akiona sindano, akawa anadai zamu yake ya kusikiliza. Pia tunawashukuru wakalimani. Kabla hawajapatikana, kumweleza mzee habari za figo zake ilikuwa kazi ya mtoto wa shule, na si haki kumtwisha mtoto mzigo ule.

Uongozi ulitaka kubandika jina la Baba ukutani. Tumeomba usifanye hivyo, kwa kuwa fedha zimetoka mifukoni mwa watu wengi, wakiwemo wasiowahi kumwona. Zote zimekabidhiwa, na stakabadhi zipo kwa mweka hazina wa kamati ya mazishi. Anayetaka kuziona aombe bila kuona haya.

Kamati sasa imefunga hesabu. Mliokuwa na ahadi ambazo hazijatimia, tafadhali msitutumie sisi. Pelekeni moja kwa moja ofisi ya fedha ya hospitali, mtaje kuwa ni kwa ajili ya kitengo cha figo, na mdai risiti.

Mungu awabariki.

Ni sisi,
Familia ya marehemu