Ratiba zenu za chakula cha wiki hazipikiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu zile ratiba za chakula cha wiki mnazochapaga kwenye ukurasa wa afya, na sio nyie tu, karibu kila gazeti na huko mitandaoni ni yale yale, jedwali la siku saba, asubuhi mchana jioni, jumla milo 21 na kila mlo una chakula chake. Jumatatu samaki wa kuoka, Jumanne kuku na saladi ya matunda, Jumatano supu ya malenge, na hakuna kitu kinachojirudia mpaka Jumapili. Kulitazama ni raha. Ila aliyeliandaa sidhani kama ndo anayeosha masufuria.

Vyakula vyenyewe sina neno navyo, ni vizuri tu. Tatizo ni kwamba mnampangia mtu mapishi wakati anachohitaji kupanga ni vitu vilivyomo jikoni na vinavyoisha lini. Mfano ule mlo wa Jumanne umetaja fungu la giligilani, yanatumika majani machache, halafu hakuna siku nyingine giligilani inapotajwa tena, kwa hiyo fungu linalala kwenye friji mpaka linageuka majimaji. Nusu ya malenge nayo hivyo hivyo. Mtu amefuata ratiba ili abane matumizi, kumbe ndo ananunua vya kutupa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kwenye ripoti yao ya 2024 walisema mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05 na asilimia 60 yake ilitoka majumbani, sio hotelini wala madukani, majumbani kwetu. Sasa kabla hatujaanza kuambiana tununue vya bei rahisi si tungeanza na hicho kinachoingia jalalani?

Nyumbani kwetu hatupangi mapishi, tunapanga sufuria. Wikiendi zinapikwa sufuria tatu: moja ya nafaka, moja ya maharage au adesi, moja ya rojo la vitunguu na nyanya lililokaangwa likaiva vizuri bila kutiwa kitu kingine. Basi. Hizo zikishakuwepo mlo wa jioni unakuwa kazi ya kuunganisha tu, sio kupika kuanzia mwanzo. Katikati ya wiki unainjika tena kitu kimoja au viwili vilivyoisha, na mboga unazipika siku hiyo hiyo maana zenyewe hazichukui muda.

Ngoja niichukue hiyo sufuria ya maharage peke yake maana ndo inayobeba wiki. Yanalowekwa usiku kucha, asubuhi maji yanamwagwa, yanawekwa maji mapya na yanachemka kwa nguvu, sio kutokota tu, hasa haya mekundu maana yasipoiva yana sumu ya asili inayoitwa lektini na inamwangusha mtu kwa kutapika, nusu saa ya kuchemka kweli kweli inaimaliza kisha unaacha yaendelee mpaka yalainike. Yakiiva unayagawa humo humo yakiwa bado na moto kwenye vyombo vifupi vyenye mfuniko ili yapoe haraka, ya siku tatu za mwanzo yanakwenda friji na yaliyobaki friza. Ukiyatia kwenye mfuko ukaulaza bapa, siku ya kuyatoa yanayeyuka fasta kuliko bonge moja kubwa. Siku ya kwanza unayaunga kwenye rojo, siku ya pili unayaponda na kitunguu kibichi na ndimu yanaliwa na mkate, siku ya tatu yanaingia kwenye supu na karoti na kabichi. Ni sufuria ile ile lakini mezani hakuna anayelalamika kwamba jana tulikula hiki hiki. Na hiyo ndimu sio ya ladha tu, vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, wakati chai ukiinywa papo hapo na chakula inafanya kinyume.

Kitu kingine ambacho sijawahi kuona kwenye ratiba zenu ni mpangilio wa mboga kufuata jinsi zinavyoharibika. Mnaweka saladi ya majani Ijumaa, jamani, majani ya kununuliwa wikiendi yanafikaje Ijumaa? Majani laini yaliwe mwanzoni mwa wiki, katikati zifuate nyanya na hoho na maboga machanga, mwishoni wa wiki ndo zamu ya kabichi, karoti, malenge, vitu vyenye roho ngumu. Ukipanga hivyo hata hauhitaji jedwali, ukifungua friji unaona wenyewe kipi kinakuita. Na za kugandishwa msiziponde bure, mara nyingi zinagandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa kwa hiyo virutubisho vyake viko vizuri tu, na zinatumika mpaka ya mwisho.

Kwenye manunuzi sina maneno mengi. Vikavu nunua kwa wingi, vibichi nunua kidogo, angalia bei ya kilo na sio bei ya paketi maana paketi zinadanganya macho. Listi iandikwe ukiwa umesimama mbele ya kabati lako, yaani uanze na kilichopo. Nyama sio lazima iwe bonge la katikati ya sahani, kipande kidogo kilichokatwakatwa ndani ya maharage kinatoa ladha ile ile, na mayai bado ni protini isiyochosha mfuko. Cha kufuta kwanza kwenye bajeti ni soda na majuisi ya paketi, hapo pesa na afya zinaokoka kwa pamoja.

Najua mtaniuliza hiyo afya inapimwaje kama hakuna jedwali. Inapimwa kwenye sahani. Chuo Kikuu cha Harvard walitoa mchoro wao 2011 na ni rahisi kuliko jedwali lolote, nusu ya sahani mboga na matunda, robo nafaka isiyokobolewa, robo protini, viazi hawavihesabu kama mboga (hapo wengi tutanuna lakini ndo hivyo). Shirika la Afya Duniani wao wanasema mboga na matunda zisipungue gramu 400 kwa siku na chumvi isifike gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja siku nzima, na hapo imehesabiwa hata iliyojificha kwenye mkate na vile vidonge vya kukolezea supu. Kwa hiyo mlo ukiwa na hayo sio lazima uwe mpya. Sijui nani alituambia kwamba kula vizuri maana yake ni kula tofauti kila siku. Tofauti unaipata kwa kubadilisha mboga na matunda wiki kwa wiki, hizo ndo zinazoleta vitamini tofauti tofauti, sio kubadilisha mapishi kila jioni huku umetoka kazini miguu inawaka.

Kuhusu viporo, maana najua kuna watakaoandika kunipinga. Kiporo kina sheria zake na mkizichapa mtakuwa mmesaidia watu kuliko mapishi yote. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, friji iwe nyuzi joto 4 au chini yake, kiliwe ndani ya siku tatu hadi nne, na kikipashwa kipashwe mpaka kitoe moshi hadi katikati, sio vuguvugu. Wali ndo wa kuuangalia kwa macho mawili, kuna bakteria ambao mbegu zao haziuliwi na kule kuchemka, wali ukiachwa mezani usiku kucha wanaamka na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha vipi haiondoki. Upoeze haraka, uweke friji, uliwe kesho yake uishe. Na asiye na friji asidhani nimemsahau, yeye apike kinachoisha siku hiyo hiyo ila kazi ya maandalizi ndo aipunguze: maharage yaloweke tangu jana, adesi zile ndogo ambazo hata kulowekwa hazihitaji ziwe kabatini muda wote, na anunue mboga ya leo na kesho tu.

Ombi langu basi, mnapoandaa ukurasa huo mtafuteni mtu anayelisha familia kwa mshahara wa kawaida akae na huyo mtaalamu wenu wa lishe waandike pamoja, na waache jioni mbili ziko wazi kwa ajili ya kumaliza vilivyobaki. Pia muandike nani anapika. Maana hata kupanga ni kazi, kukumbuka kwamba vitunguu vimeisha ni kazi, na mara nyingi imemkalia mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye wengine wanamuuliza tu leo tunakula nini. Sisi karatasi imebandikwa kwenye mlango wa friji imeandikwa kilichomo ndani na cha kuliwa kwanza, anayefika wa kwanza ndo anawasha jiko, awe baba awe mtoto wa sekondari.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.